Sindano Iliyobaki Kwenye Kitambaa

Jana usiku hatimaye nilimwacha bibi wa kwenye hadithi yangu afe. Nimemzungusha wiki tatu nzima. Mara anapata nafuu, mara mgeni anabisha hodi wakati pumzi zinamwishia, mara nafuta ukurasa wote naanza upya. Kumbe niliyokuwa naikwepa ni sentensi moja tu, tena fupi. Nilipoiandika nilifunga daftari, nikakaa gizani.

Leo nimerudi kwa Gilgamesh, mfalme wa Uruk, ambaye habari zake ziliandikwa kwenye mabamba ya udongo huko Mesopotamia, Iraq ya leo. Rafiki yake Enkidu anapokufa, Gilgamesh hakubali azikwe. Anamlilia siku sita na usiku saba, mpaka funza anadondoka kutoka puani mwa maiti. Kila nikifika hapo mwili unanisisimka. Huyu mfalme hakushawishiwa na hekima ya mtu yeyote. Alishindwa na funza.

Anaondoka kwenda kuutafuta uzima. Huko aendako anaambiwa: kama unataka kukishinda kifo, hebu anza na usingizi, kesha siku sita na usiku saba. Anaketi tu, usingizi unamchukua. Kila siku anawekewa mkate kando yake, ili akiamka asije akabisha. Anapozinduka, wa kwanza umekauka kabisa na wa mwisho bado uko kwenye makaa. Sijui picha nyingine inayoonyesha siku zinavyotupita kwa upole na kwa ukatili kiasi hicho. Mwishowe anapata mmea wa kurudisha ujana, anauacha kidogo aoge, nyoka anakuja anaubeba, anajivua gamba na kutokomea.

Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika nao wana yao. Mwezi ulimtuma sungura awaambie watu: kama mimi ninavyokufa na kufufuka, nanyi mtakufa na kufufuka. Sungura akafika na ujumbe uliopinduka, kwamba watakufa moja kwa moja. Mwezi ukakasirika, ukampiga mdomoni, na ndiyo maana mdomo wake umepasuka hadi leo. (Sisi tuliozoea sungura mjanja asiyeshindwa na fisi wala simba, inauma kumwona akikosea jambo zito namna hii.)

Nimezitafakari hizi mbili kutwa. Watu wakizungumzia mzunguko wa uhai na kifo katika hadithi, huwa wanauchora kama duara moja. Mimi naona ni mawili. Nyoka na mwezi hurudi wao wenyewe, ni wale wale. Binadamu duara hilo lilimponyoka, akabaki na lingine: anaondoka yeye, anakuja mwingine. Ndiyo maana hadithi ambazo marehemu anarudishwa mwishoni, mzima, anatabasamu, hunichosha. Naona kama zimempa mtu gamba la nyoka.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili bibi yangu, mzaa baba, alifariki akiwa katikati ya kushona. Kitambaa kilibaki kitini, sindano imechomekwa kwenye pindo, uzi bado umo tunduni. Siku nyingi hakuna aliyethubutu kukigusa. Kisha jioni moja shangazi alikichukua, akakaa dirishani, akaendelea pale pale uzi ulipoishia. Nilisimama nyuma yake nikitazama. Mishono ya bibi ilikuwa midogo, imebanana kama punje za mtama. Ya shangazi ilikuwa mirefu na imelala upande kidogo. Nilikasirika. Nilimwambia, "Shangazi, unaharibu." Hakugeuka. Alisema, "Mwanangu, mkono wa mama nitautoa wapi?" na akaendelea kushona.

Kitambaa hicho ninacho. Leo nimekitoa kabatini nikapitisha kidole kwenye lile pindo. Hata ukifumba macho unapahisi mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanza.

Sasa najua kwa nini nilimzungusha yule bibi. Sikuwa nimeandika mtu yeyote wa kuingia chumbani baada yake. Kuna mjukuu niliyemtaja mara moja tu, ukurasa wa nne, akichota maji. Usiku huu nitamfungulia mlango. Sijaamua atakuta nini pale kitandani, ila najua mikono yake bado itakuwa na maji.