Kichujio cha intaneti kilikuwa hakizuii kitu: nilivyokirekebisha

Nimehangaika wiki mbili, leo ndiyo nimepumua. Naandika ili mzazi mwingine asipitie haya.

Kompyuta ya sebuleni ina Windows 11, wanangu wanaisomea. Niliweka DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba) ya kampuni ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, lakini zikaendelea kufunguka. Nikazima na kuwasha ruta, nikabadilisha kivinjari, hata programu ya kulipia nikanunua. Wapi!

Kumbe nilijaza upande wa IPv4 tu, yaani mfumo wa zamani wa anwani za intaneti. IPv6, mfumo mpya, ilikuwa bado inajipangia DNS yenyewe, na kompyuta ikawa inatafuta anwani za tovuti kupitia mlango huo niliouacha wazi. Nikarudi kwenye mipangilio ya Wi-Fi, sehemu ya DNS, nikawasha IPv6 na kujaza 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003. Kisha kwenye dirisha la amri (Command Prompt) nikaandika ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutike. Kwenye kivinjari nikazima DNS salama (Secure DNS), maana nayo inaweza kutumia DNS nyingine na kukikwepa kichujio.

Mwisho nikaifanya akaunti ya watoto kuwa ya kawaida, isiyoweza kubadilisha mipangilio. Nenosiri la msimamizi tunalijua mimi na mama yao tu. Nimejaribu tovuti zile zile, hakuna hata moja iliyofunguka.