Kilomita 73 mara sita: siku yangu kati ya Dar na Unguja

Saa 10:30 alfajiri. Naamka Ukonga, chai na chapati ya jana, natoka kabla ya foleni. Narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka Dar kwenda Zanzibar na kurudi. Leo ni ruti sita: kwenda tatu, kurudi tatu.

Saa 11:30 nasoma hali ya hewa. Ni Julai, kusi, upepo utokao kusini, inavuma. Umbali wenyewe haubadiliki: kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, karibu kaskazini moja kwa moja. Upepo ndio unaobadilika. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ukisukumwa na upepo wa 40, unavuka kwa dakika 13. Kurudi, upepo ule ule uko usoni, zinakaribia 17.

Saa 1 asubuhi abiria wanapanda mzani mmoja mmoja, na mabegi yao. Wengine wanaona haya, nawaelewa, lakini ndege yote ikijaa haitakiwi kufika hata tani nne, na nani akae wapi lina maana. Kisha tunasubiri. Dege kubwa limeruka mbele yetu, na hewa lililoivuruga lazima itulie kwanza.

Juu, bahari ina mistari ya povu. Mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe unatokea, uwanja huo hapo kuliani, nami naupita. Mzee aliyekaa kiti cha mbele kando yangu ananitazama tu. Tulipotua ndipo akauliza:

"Mwanangu, mbona uliuacha uwanja ukatupeleka mpaka mjini?"

"Kusi, mzee. Ndege hutua ikiukabili upepo, na njia ya kurukia ndege ya hapa imelala kusini na kaskazini. Lazima nizunguke niingie kutokea kaskazini. Ungekuja wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, tungenyooka moja kwa moja."

"Aa! Kumbe hata nyinyi mwaufuata upepo."

Ruti ya pili, ya tatu. Wali na samaki Kisauni, hapo hapo uwanjani Zanzibar, dakika kumi. Kisha ya nne.

Saa 8:40 mchana, Dar. Dada mmoja anashuka mbio: ndege yake ya nje inaondoka saa 9:30. Aliyemkatia tiketi alimwambia Zanzibar ni dakika 20, basi akapanga kila kitu juu ya dakika hizo. Sisi tunashushia Terminal 1. Ndege za nje ziko Terminal 3, upande wa pili, unazunguka kwa gari, na kaunta hufungwa mapema. Alikaa juu ya begi lake akalia. Iliniuma sana. Jamani, mwenye safari ya kuunganisha aache nafasi ya saa nne katikati, na mkata tiketi amwambie hivyo kabla ya kupokea pesa.

Saa 12 jioni nazima injini. Kitabuni, kuwasha hadi kuzima: ruti ya kwanza dakika 27, ya sita 33, maana tulizungushwa tukisubiri ndege mbili zitue. Fundi anafunika injini. Kesho naanza na Pemba.