Nilivyofanya utafiti wa uzamili kuhusu usomaji wa Kiingereza bila kuacha kufundisha

Nilipojiunga na shahada ya uzamili ya elimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kupitia kituo chake cha mkoa hapa Mwanza, nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya kata wilayani Ilemela, na sikuwa na uwezo wa kuomba likizo ya masomo. Msimamizi wangu alinishauri mapema nichague tatizo ambalo lingenisumbua darasani hata kama nisingekuwa mwanachuo. Ushauri huo ndio ulioniwezesha kumaliza, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya utafiti ilifanyika ndani ya vipindi nilivyolipwa kuvifundisha.

Tatizo lenyewe walimu wengi wanalijua. Wanafunzi wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hupokelewa na vitabu vya Kiingereza katika karibu kila somo, na kozi fupi ya awali wanayopewa haitoshi kuziba pengo hilo. Ripoti ya Criper na Dodd, kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania, ilikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1984. Nilichokiona darasani kwangu, hata hivyo, kilikuwa mahususi zaidi. Binti mmoja alinisomea kwa sauti aya nzima iliyohusu wavuvi wanaowasha taa usiku, pasipo kukwama hata kwenye neno moja. Nilipomuuliza ni nani aliyewasha taa, aliinama, akaisoma sentensi ileile tena kwa ufasaha uleule, kisha akanitazama akisubiri nimwambie aketi.

Mapitio ya maandiko yalinipa namna ya kulieleza tukio hilo. Philip Gough na William Tunmer walipendekeza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili, yaani kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, na kwamba hapa tunazidisha wala hatujumlishi, kiasi kwamba kimoja kikiwa sifuri, kingine hakiwezi kukiokoa. Nakiri kwamba nilichoshwa na wingi wa makala zilizohusu watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani lakini wanashindwa na herufi, kwani hali yetu ni kinyume chake: herufi wanazijua tangu darasa la kwanza, lugha ndiyo isiyokuwepo. Kwa hiyo nilipowasoma Annemarie Palincsar na Ann Brown, ambao mwaka 1984 walichapisha kazi yao juu ya wanafunzi wa darasa la saba nchini Marekani walioweza kutamka matini vizuri lakini hawakuielewa, niliona nimepata pa kuanzia. Mbinu yao huwataka wanafunzi washike kwa zamu nafasi ya mwalimu katika kikundi kidogo, wakifanya mambo manne juu ya kila aya: kuuliza maswali, kufafanua palipo pagumu, kufupisha, na kubashiri kinachofuata.

Sikuichukua mbinu hiyo kama ilivyo. Shuleni kwetu kulikuwa na kanuni ya kuzungumza Kiingereza tu, na chini ya kanuni hiyo zamu ya kuuliza maswali iligeuka zamu ya kunyamaza. Nilimwomba mkuu wa shule aniruhusu, kwa mkondo mmoja tu, matini iwe ya Kiingereza, majadiliano yaendeshwe kwa lugha yoyote, na ufupisho wa mwisho uandikwe kwa Kiingereza. Aliuliza wazazi watasemaje, nami nikamwonesha barua ya ridhaa niliyokuwa nimewaandikia kwa Kiswahili. (Vibali vingine vilifuata njia ya kawaida, kutoka chuoni hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa na halmashauri, na havikuwa na la kusimulia zaidi ya kusubiri.)

Matini mojawapo ilisema kwamba usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa walibaki nyumbani, bila kutaja sababu. Swali la kwa nini halikuwa na jibu kwenye karatasi. Kijana mmoja kutoka Igombe, ambaye kwao huanika dagaa, alisema, "Mwalimu, mwezi ukiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa." Wenzake walibishana naye kidogo, wakakubali, kisha wakasaidiana kuliunda jibu hilo kwa Kiingereza, huku msichana aliyeshika zamu ya mwalimu akiwarudisha kwenye aya kila walipopotea. Sentensi waliyoandika ilikuwa na kasoro za sarufi, lakini ilikuwa na maana, na ilitoka kwao.

Kupima maendeleo nilitumia jaribio la kujaza nafasi, ambalo Wilson Taylor alilieleza mwaka 1953, kwa kuondoa kila neno la tano katika matini. Nilikubali neno lolote lililofaa kwa maana na sarufi, si lile la asili pekee, kwa kuwa kudai neno lilelile kutoka kwa mtu anayejifunza lugha ya pili ni kupima bahati. Mwalimu mwenzangu alisahihisha karatasi zilezile bila kuona alama zangu. Kasi ya kusoma haikubadilika sana, ila maswali yaliyohitaji kuunganisha taarifa za sentensi mbili au zaidi yalianza kujibiwa.

Kilichonichosha kuliko yote ni kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa, hasa ya siku za mvua, maana bati lilizimeza sauti. Niliona ni heri kuyanukuu jioni ya siku ileile, nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini, kisha kuweka maneno ya Kiswahili safu moja na tafsiri yake ya Kiingereza safu ya pili.

Safu hizo zilinisaidia wakati wa utetezi. Mtahini mmoja aliniuliza nawezaje kudai kwamba nilifundisha kusoma Kiingereza ilhali nusu ya kipindi watoto walizungumza Kiswahili. Nilimfungulia mjadala wa mbalamwezi, pamoja na ufupisho ambao kikundi hicho kiliandika baadaye kwa Kiingereza. Akataka mijadala mingine ya aina hiyo iongezwe kwenye viambatisho, nami niliiongeza wakati wa likizo ya Juni, pamoja na masahihisho ya majedwali, kisha nikawasilisha nakala ya mwisho.