Wiki mbili au miezi 18: siku yangu kwenye kliniki ya akili

Saa 12 asubuhi niko kwenye daladala kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma, baridi ya Juni inauma na vumbi limeshaingia kwenye kola ya sare. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Watu wakisikia hivyo huniuliza kama wagonjwa hunipiga. Kazi yangu kubwa ni kuuliza maswali.

Saa 2 hadi saa 4 ni wagonjwa wa marudio: presha, uzito, sindano za mwezi, dawa.

Saa 4 na nusu wakaingia watatu kutoka upande wa Bahi: kijana wa miaka 21, mama yake na baba yake mdogo. "Mbukwenyi," mama alinisalimu. Baba mdogo hakukaa. "Sista, mchome sindano tuondoke, basi halingoji. Ameugua wiki mbili tu, tangu alipokimbia usiku. Na aliyemroga tunamjua."

Mambo ya kurogwa sikubishana naye. Nilitaka kujua lini. Saikosisi, yaani akili kupotewa na uhalisia, ikilipuka ndani ya siku chache mara nyingi hutulia vizuri. Inayonyemelea ni nyingine: kijana anajitenga, uso unakosa hisia, maneno yanapungua, halafu ndipo zinakuja sauti ambazo wengine hawazisikii. Hiyo kadiri inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Zamani skizofrenia, saikosisi ya muda mrefu, iligawanywa kwa majina kama paranoidi (ya shuku) na katatonia (ya mwili kuganda). Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliyafuta mwaka 2013, maana hayakusaidia kujua mgonjwa atafika wapi. Lakini "lini" inasaidia, ndiyo maana siiachi.

Nikauliza tena. Wiki mbili. Nikauliza kwa misimu: wakati wa kupalilia uwele alikuwaje? Wakati wa mavuno? Simu ya baba mdogo ikaita, akapokea humo humo, akarudi kwangu: "Mnatupotezea muda!" Kichwa kinaniuma, foleni nje inanung'unika, na nauli yao naijua ilivyo ngumu kupatikana. Nikamwomba akae kwenye benchi nje. Akatoka akibamiza mlango.

Mama akaangalia mikono yake muda mrefu. "Alikuwa na redio ya kwenda nayo machungani. Mvua za mwaka juzi zilipoanza, akaivingirisha kwenye kitambaa akaifukia nyuma ya zizi. Alisema inamtaja jina. Na kula na wenzake alishaacha kabla ya hapo. Tukadhani ni ujana."

Miezi 18, na zaidi. Basi lilishaondoka.

Chakula sikumbuki nilikula saa ngapi. Vipimo vya malaria, VVU na kaswende. Maswali ya kifafa na bangi. Kisha fomu ya kupima ukali wa dalili, vipengele 30, kila kimoja alama 1 hadi 7. Alama za sauti zilikuwa juu, ila zilizonisumbua ni za kujitenga na kukauka kwa hisia. Kwa hizo, vidonge alivyoandikiwa na daktari havitoshi peke yake.

Jua likielekea kuzama baba mdogo aliuliza, kwa sauti ya chini sasa, "Atapona?"

"Sauti zinaweza kupungua mapema, baba. Hamu ya watu na kazi itachelewa. Msimwite mvivu. Mpeni kazi ndogo, anyweshe mbuzi, na mumrudishe hapa baada ya wiki mbili."

Akaichukua kadi, akaisoma ile tarehe kwa sauti mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati.