Siku Povu Gumu Liliposhindwa

Katika mwaka wangu wa mwisho wa uhandisi mitambo, jijini Dar es Salaam, kikundi chetu kilipewa kazi ya kuboresha bitana ya povu iliyo ndani ya kofia ngumu za bodaboda bila kuiongezea uzito kofia yenyewe. Wenzangu waliamini kwamba dawa ni ugumu, na siku ya majaribio walileta bitana ya polistireni, ile plastiki nyeupe ya povu, iliyoshindiliwa hata kidole gumba hakikuacha alama.

Kipimo chetu kilitoka katika kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, toleo la tano: kichwa bandia kilichovishwa kofia hugonga fuawe kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 2.9, na mchapuko wake, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika ghafla, haupaswi kuzidi mara 275 ya ule wa mvutano wa dunia. Kofia ile ilitua kwa kishindo kikavu, na mchoro wa mchapuko kwenye kompyuta ukapanda mwembamba na mrefu kama mnazi, ukavuka kikomo. Fundi wa maabara aliipasua bitana kwa msumeno, akatuonyesha kwamba haikubonyea hata unene wa sarafu.

"Wanangu," alisema, "povu lisipoumia, ataumia mwenye kichwa."

Povu hilo ni punje zilizovimbishwa kwa mvuke, zenye vijumba vya hewa ambavyo kuta zake, zinapokunjika na kupasuka, ndizo zinazomeza nguvu ya mwanguko na kukipa kichwa milisekunde chache zaidi za kusimama. Lile laini la kufungia televisheni, lenye takriban kilo 20 kwa mita ya ujazo, nalo lilikwisha kupondeka kabla kichwa hakijasimama.

Tukajaribu tabaka mbili, laini upande wa kichwa na ya ugumu wa wastani upande wa ganda. Kuziunganisha kulitutesa kuliko hesabu zote, kwa sababu gundi ya viatu huyeyusha polistireni sawasawa na petroli (ndiyo maana hadi leo mimi huwakataza madereva kufutia kofia zao petroli), tukaishia kwenye gundi nyeupe ya mbao, ambayo haina haraka ya kukauka. Safari hii mchoro ulitoka mpana na mfupi, chini ya kikomo.

Fundi yule mzee hakuridhika. Aliiangusha kofia hiyo hiyo, ikagonga pale pale, nayo ikashindwa vibaya, kwa kuwa vijumba vilivyopondeka havikuinuka tena. Tuliandika katika ripoti kwamba kofia iliyokwisha kupata ajali isiuzwe wala kuvaliwa tena, na msimamizi wetu akaagiza sentensi hiyo ihamishwe kutoka ukurasa wa mwisho hadi wa kwanza.