Ramani na mchanga wa Turkana Kaskazini

Nimerejea juzi kutoka Lokitaung, mji mdogo kaskazini mwa Kenya, nikiwa na ramani iliyochanika kwenye mikunjo na vumbi ambalo bado halijatoka kwenye viatu. Ukielekea kaskazini, barabara hupita kati ya vilima vya mawe meusi ya volkano, kisha hushuka kwenye laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, pana zenye mchanga mkavu, ambamo mikoma husimama kana kwamba mto ungali unapita.

Mbele ya hapo ndipo ilipo Pembetatu ya Ilemi, eneo ambalo Kenya inalisimamia lakini Sudan Kusini nayo inalidai. Mwaka 1914 ulichorwa mstari mnyoofu uliokusudiwa kuiachia Sudan njia ya kufika Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf, kupitia Ghuba ya Sanderson, ambayo baadaye ilikauka. Mwaka 1938 wapima ardhi walirudi na kuweka ule uitwao Mstari Mwekundu, ambao angalau ulijaribu kufuata malisho ya Waturkana. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa upimaji wa haki zaidi, kwa sababu uliwatazama watu na mifugo yao.

Mzee mmoja aliinuka kwenye kigoda chake, akachora kwa fimbo visima, laga na mlima mmoja, bila mpaka wowote. Nilipomwuliza nchi inaishia wapi, alinijibu, “Mwanangu, inaishia pale ng'ombe wanapokosa maji.”