Jina la ukoo kwenye fomu za ughaibuni

Fomu ya visa ina visanduku viwili vya jina: kimoja cha jina la ukoo, kingine cha majina mengine. Aliyeibuni alikuwa na familia ya aina moja kichwani, ile ambayo baba, mama na watoto wanashiriki jina moja la mwisho, nalo linarithiwa kizazi hadi kizazi bila kuguswa. Wengi wetu hatukukulia kwenye jina la namna hiyo. Hamisi Juma Ally wa Tanga ni Hamisi. Juma ni baba yake na Ally ni babu yake. Jina lake zima ni nasaba, na kila anapozaliwa mtoto nasaba inasogea hatua moja. Akishaandika Ally kwenye kisanduku cha ukoo, ameisimamisha hapo ilipo. Kuanzia siku hiyo kila ofisi itakayosoma jina lake itaelewa mambo ambayo yeye hakuyasema: kwamba ndugu zake nao ni akina Ally, kwamba mkewe ni Ally au amekataa kuwa Ally, kwamba mtoto asiye Ally pengine si wake.

Tumfuate huyo Hamisi, maana mkasa wake ndio wa wengi wa pwani na bara. Amepata binti Uingereza, amemwita Salma. Akisajiliwa Salma Ally, jamaa wa Tanga watauliza ni Ally yupi huyo, kwa sababu kwao Salma Ally ni binti wa Ally, na Ally ni babu mzaa baba wa Hamisi. Baba mtu ametoweka kabisa katika jina la mwanawe. Njia iliyo nyepesi ni kumsajili Salma Hamisi Ally, Hamisi likikaa kama jina la kati. Mwalimu atashangaa kuona jina la kiume katikati ya jina la msichana, lakini hakuna sheria inayovunjwa, na siku ya mirathi au ya kufuatilia hati nyumbani, jina lenyewe linamtaja baba. England na Wales mzazi ana siku 42 za kusajili kizazi, na anaruhusiwa kuchagua jina lolote la mwisho, kwa hiyo hata Salma Hamisi peke yake linakubalika. Tatizo la chaguo hilo linajitokeza uwanja wa ndege: baba Ally, mtoto Hamisi, na ofisa wa mpakani anataka kujua mna uhusiano gani. Ukilichagua, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kisafiri nanyi kila mara, tena nakala halisi. Mimi naona jina la kati linaokoa mengi zaidi.

Na usidhani kusimama huku kwa nasaba ni jambo la wasio na elimu ya fomu. Obama lilikuwa jina la mtu mmoja tu huko Nyanza, baba yake Hussein Onyango. Onyango akamzaa Barack, Barack akaenda kusoma Marekani akiwa na jina la babu yake mwishoni, mwanawe akawa rais, na wajukuu wake wa kike wanalo mpaka leo.

Sweden inahitaji tahadhari ya peke yake. Jina la mtoto linapelekwa Skatteverket, mamlaka ya kodi ambayo ndiyo pia inayosajili watu, ndani ya miezi 3 tangu kuzaliwa. Wazazi wenye majina tofauti wakikaa kimya, mtoto anapewa jina la mwisho la mama. Kwa familia ya Kiislamu ya pwani, ambapo mke habadilishi jina anapoolewa, maana yake ni kwamba mtoto anabeba jina la wazee wa upande wa mama, na mtu wa kwetu akilisoma atadhani ni mtoto wa mjomba. Pelekeni taarifa mapema. Skatteverket pia wanakubali uwaonyeshe, kati ya majina yako ya kwanza, lipi ndilo unaloitwa. Lionyeshe, la sivyo barua na hospitali watakuita kwa jina la ubatizo ambalo hata mama yako halitumii.

Wanyarwanda na Warundi wana shida ngumu kuliko hiyo. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: kaka anaweza kuwa Hakizimana, dada yake Niyonzima, baba yao Habimana, na wote ni tumbo moja na nyumba moja. Majina hayo ni sentensi, mengi yanamtaja Mungu, na kwa msikilizaji wa nyumbani yanaeleza wazazi walikuwa katika hali gani. Ofisa wa kuunganisha familia huko Ubelgiji au Kanada anaona watu watatu wasio na uhusiano. Usingoje aulize. Weka kwenye maombi barua fupi ya aya moja inayoeleza kuwa katika nchi yenu jina la mwisho halirithiwi, kisha chora mti wa familia kwenye ukurasa mmoja: kila mtu na jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na mstari kutoka kwa kila mzazi. Vyeti vya kuzaliwa vifuate kwa mpangilio uleule wa mti. Ofisa mwenye faili nyingi mezani akiupata mti huo, kazi yake imerahisishwa.

Mkongomani naye ana sehemu tatu: jina, jina la pili linalofuata, halafu jina la ubatizo. Mpangilio huo umetokana na siasa. Mwaka 1972 Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na watu wakajaza pengo kwa majina ya mababu. Majina ya ubatizo yaliporudi, yale ya mababu yalibaki. Fomu ya Kifaransa ya Ulaya ina nafasi mbili tu, kwa hiyo karani mmoja ataliunganisha jina la pili na la ukoo, mwingine ataliunganisha na la ubatizo, na baada ya miaka mitano mtu mmoja ana mafaili mawili. Angalia pasipoti imelipanga wapi, ufuate hapohapo kila mahali, hata kama nyumbani mngeliweka kwingine.

Sasa mashine. Chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti kuna mistari miwili ya herufi kubwa, kila mmoja wenye nafasi 44. Nafasi 5 za mwanzo za mstari wa juu ni za aina ya hati na nchi. Zilizobaki 39 ndizo za majina yako yote. Mary Wanjiru Ng'ang'a anasomeka hivi:

P<KENNGANGA<<MARY<WANJIRU<<<<<<<<<<<<<<<<<<<

Alama mbili za << zinatenga jina la ukoo na mengine. Moja inatenga majina yenyewe kwa yenyewe. Kibainishi cha ng' kimeondolewa, ndiyo kanuni ya kimataifa, na kwa hiyo Mkikuyu huyu sasa anasomeka Nganga, jina ambalo mtu wa Brazzaville atalichukua kuwa la kwao, na ambalo kwa Kikongo ni mganga. Hilo halina tiba kwenye mashine. Kwenye tiketi ya ndege andika NGANGA kama mstari unavyosema. Kwenye mkataba wa kazi, cheti cha chuo na benki, omba Ng'ang'a kamili kama ukurasa wa picha unavyoonyesha, na uangalie yatokanayo. Mifumo mingine hukataa kibainishi kwa sababu katika lugha ya hifadhidata alama hiyo hufunga maandishi. Mingine hukigeuza, barua ikaja imeandikwa Ng&#39;ang&#39;a. Mingine hugawa jina vipande: Ng Ang A. Simu nazo hutia kibainishi kilichopinda badala ya kilichonyooka, na karani akikutafuta kwa kile kilichonyooka hakupati. Ukiambiwa haupo kwenye mfumo, mwombe atafute kwa tarehe ya kuzaliwa kwanza.

Wenye majina marefu ya Kiomani, yenye bin au bint na nisba, yaani jina la kabila au asili, mwishoni, wanaweza kumaliza zile nafasi 39, na yanayozidi hukatwa. Al-Harthy huandikwa pia Alharthy, Al Harthi, El-Harthy. Ndugu wawili wa Unguja wenye tahajia mbili tofauti huonekana koo mbili Muscat na koo mbili London. Kubalianeni tahajia moja kabla ya mtoto wa kwanza kupata pasipoti.

Marekani ina balaa lake la FNU. Pasipoti ikiwa na majina yote kwenye kisanduku kimoja, majina hayo huhesabiwa kuwa ya ukoo, na fomu ya visa ya DS-160 inakuelekeza uandike FNU mahali pa jina la kwanza, kifupi cha jina la kwanza lisilojulikana. Kutoka hapo linahamia kwenye leseni na kadi ya bima, na muuguzi anatoka kumwita mgonjwa Fnu. Ukiona pasipoti yako iko hivyo, irekebishe nyumbani kabla ya kuomba visa. Ni kazi ya wiki kadhaa inayokuepusha na ya miaka. Na wenye Abdulrahman, Abdulkarim, Abdulaziz: hakikisheni limeandikwa neno moja. Likiachana, Marekani watakuita Abdul na kumfanya Rahman jina la kati. Abdul pekee ni mtumwa wa asiyetajwa, na Rahman pekee ni sifa ya Mwenyezi Mungu iliyovikwa binadamu. Muislamu yeyote atakayelisikia litamkwaza.

Kuna majina ambayo maana yake ililala nyumbani ikaamkia ughaibuni. Godlisten wa Moshi ni Godlisten tu, hakuna anayesikia dua. Houston kila anayesoma beji yake anasikia sentensi nzima. Kwa upande mwingine Shida, Tabu, Mashaka na Sikudhani, yaliyobeba habari za mwaka fulani au za ugomvi na mawifi, huko hayasemi lolote. Jina la Kijaluo linanyamaza vilevile: Opiyo na Odongo kwa msikilizaji wa Kisumu ni pacha, wa kwanza na wa pili, na Ulaya ni majina mawili tu.

Lakini yapo yanayosema mno. Wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma barua za maombi ya kazi karibu 5,000 huko Boston na Chicago, zenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa majina tu. Matokeo yalichapishwa 2004: majina yanayosikika ya wazungu yalipigiwa simu mara moja kwa kila barua 10 hivi, yale ya Wamarekani weusi mara moja kwa kila 15. Kwa hiyo Peter Otieno anayeandika Peter O. kwenye wasifu wa kazi hajadanganya, ni jina lake. Wala anayesisitiza Otieno hajakosea. Kinachodaiwa na sheria ni jina la pasipoti kwenye mkataba, ukaguzi wa kibali cha kazi na kodi.

Ukiamua kubadili jina, fuata mpangilio. Marekani njia isiyo na gharama ya ziada ni kuomba jina jipya ndani ya fomu ya uraia ya N-400, nalo hutolewa pale kiapo kinapoapishwa na jaji mahakamani. Ukishapata cheti, anza na Social Security, ofisi ya hifadhi ya jamii, ndipo leseni, pasipoti, benki na mwajiri. Ukianza na leseni utarudishwa. Ujerumani, aliyepata uraia na majina yasiyo na mgawanyo wa ukoo anaweza kutamka kwenye Standesamt, ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa, lipi liwe la kwanza na lipi la ukoo; wao wanaita Namensangleichung, na ujue unachotaka kabla ya kuingia. Uingereza hati ya kubadili jina ni rahisi kuiandika, ila Mkenya anayeshika uraia wa nchi zote mbili atatakiwa pasipoti yake ya Kenya iwe na jina hilohilo kabla ya kupewa ya Kiingereza. Kenya nako badiliko hilo hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo anzia Nairobi.

Vyeti vya shule ndivyo vinavyobaki nyuma. Cha NECTA au KNEC, mabaraza ya mitihani ya Tanzania na Kenya, kinabeba jina ulilosajiliwa nalo darasani, mara nyingi majina mawili, au matatu kwa mpangilio mwingine. Kula kiapo kwa wakili kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ukiyaorodhesha herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila cheti, makosa ya tahajia yakiwemo. Toa nakala halisi tatu au nne zenye mhuri wa wino ukiwa bado uko nyumbani, maana vyuo na waajiri wengine hawaipokei iliyoskaniwa, na kuagiza nyingine kupitia ndugu huchukua muda ambao nafasi ya kazi haiungoji.